Mnong'ono Uliofunikwa na Ngoma

Katika albamu ya muziki wa Burundi iliyotolewa na kampuni ya Ocora ya Ufaransa mwaka 1968 kuna wimbo unaoninyima usingizi. Si ule wa ngoma. Mwanamume anapiga inanga, ubao wake mrefu uliochimbwa katikati na kupitishiwa uzi, na haimbi. Ananong'ona.

Niliusikiliza kwanza kwenye simu, barazani mtaani Buyenzi, mafundi wakigonga mabati. Nikaambulia pumzi tu. Usiku nikavaa hedifoni, na mtu yule akaanza kuimba. Nikarudisha nyuma; bado anaimba. Mnong'ono unapanda, unashuka, una wimbo wake kamili.

Hilo haliwezekani. Anayenong'ona hatetemeshi nyuzi za sauti kooni. Inayotoka ni pumzi, na pumzi haina sauti ya juu wala ya chini ya kutungia wimbo. Lakini Kirundi ni lugha ya toni, maneno yenyewe hupanda na kushuka, na vidole vya mpigaji vinaufuata mwendo huo. Silabi inatua pale pale uzi unapolia. Sikio linashindwa kuvitenganisha, basi linaupokea mlio wa uzi na kuukabidhi mdomo. Mtafiti Cornelia Fales, aliyeuchunguza sana mnong'ono huu, anaueleza kuwa ni kiini macho cha masikio. Nami najua siri hiyo sasa, na bado kila nikisikiliza nadanganyika vile vile.

Wapenzi wa muziki wa majaribio wanawasifu watu wa studio kwa uchawi kama huu. Mpiga inanga huyu ana ubao, uzi na pumzi yake.

Dunia lakini ilichagua ngoma. Katika rekodi zile zile, alizozifanya Michel Vuylsteke mwaka 1967, mwanamuziki Mike Steiphenson alichukua ngoma, akazipachikia gitaa na kinanda, akatoa wimbo "Burundi Black" mwaka 1971. Baadaye bendi za Adam and the Ants na Bow Wow Wow wakajengea umaarufu wao mapigo ya namna hiyo. Kwangu "Burundi Black" ni kazi finyu: ngoma za kifalme zimegeuzwa wapagazi wa gitaa la mtu mwingine. Mwimbaji Joni Mitchell alithubutu zaidi mwaka 1975 katika "The Jungle Line". Alizipa ngoma zile nafasi ya mbele, akaweka sinthesaiza nzito juu yake, na wimbo wake ungali unatisha. Hata hivyo nikitaka ngoma nachukua albamu "Live at Real World" ya mwaka 1993, wapigaji wenyewe, bila mgeni kati yao.

Na mnong'ono? Haukuwahi kupata "Burundi Black" yake, na pengine ndiyo salama yake: ukiongeza gitaa, masikio yatashika gitaa na uchawi utakatika.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu, na nilifurahi kama Mrundi yeyote. Ila nauliza: wapigaji wa mwaka 1967 walipata nini mapigo yao yalipouzwa London? Na kijana wa Bwiza au Buyenzi anayetaka kujifunza kunong'ona juu ya inanga, aende kwa nani?