Je, Wajua? Maajabu ya Mkono wa Gramafoni, Kutoka Bigo Hadi Nje ya Himaya ya Jua

Haya, ndugu yangu wa Bigo, hapa Bunia, sogea hapa kwenye benchi. Umesema gramafoni yako ni nzuri, ila unataka kuubadilisha mkono, ule unaobeba sindano, uweke mwingine wa daraja la juu. Vizuri sana! Lakini kabla hujauliza bei, sikia kwanza kifimbo hicho kinafanya kazi gani.

Je, wajua kwamba upande mmoja wa santuri hauna mitaro mingi? Una mmoja tu, unajizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Chukua upande wa dakika 22, uunyooshe mtaro wake: karibu nusu kilomita! Sindano inautembea wote, na mkono unaishikilia njia nzima.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa santuri kubwa mtaro unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 kila sekunde, na mwishoni kwa sentimita 21 tu? Sahani inazunguka vilevile, mara 33⅓ kwa dakika, ila duara la ndani ni dogo. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu! Basi ukienda kujaribu mkono, usiombe wimbo wa kwanza. Omba wa mwisho, hapo ndipo mkono mbovu unapoumbuka.

Gramu 2. Huo ndio uzito unaoikandamiza sindano ya leo kwenye santuri, wakati mwingine hata chini ya hapo. Lakini ncha ya almasi ni ndogo kupita kiasi: ile ya mviringo ina nusu kipenyo cha mikroni 18, na milimita moja ina mikroni 1,000. Gramu hizo chache zikikusanyika pale zinapogusa, zinakuwa mgandamizo wa tani kadhaa kwa kila sentimita ya mraba. Tani, ndugu yangu!

Na usidhani kupunguza uzito ni kuihurumia santuri. Sindano ikiwa nyepesi kupita ilivyoagizwa, inarukaruka ndani ya mtaro na kuzigonga kuta zake. Uzito uliozidi kidogo una madhara madogo kuliko uliopungua. Wengi hawaamini mpaka waone santuri imeharibika.

Zamani je? Kichwa cha gramafoni ya kupiga manivela kiliilemea santuri kwa zaidi ya gramu 100! Sindano ilikuwa ya chuma, ukicheza upande mmoja unaitupa na kuweka mpya. Na sikia hili: santuri zile zilichanganywa na unga wa mawe kwa makusudi, ili mtaro wenyewe uinoe sindano mpaka itoshee ndani yake.

Gundi iliyoushika unga huo ilitoka wapi? Kwa wadudu! Ni utomvu wa kidudu kidogo cha India na Thailand, kinachoishi juu ya matawi ya miti. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, sauti yake iliuzwa Afrika Mashariki juu ya sahani za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe. Je, wajua kwamba mkono wako, hata ukiwa wa dola elfu kadhaa, unakosea karibu muda wote? Mashine iliyochonga santuri ilikwenda kwa mstari ulionyooka, lakini mkono umefungwa upande mmoja na unapita kwa upinde. Katika upande mzima kuna sehemu mbili tu ambapo sindano imekaa sawasawa kabisa na mtaro: kwa kipimo kinachotumika sana, milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati. Kwingine kote imepinda kidogo, kama digrii 2 hivi pale inapozidi.

Hesabu hiyo si ya juzi. Mwingereza Percy Wilson aliandika juu yake mwaka 1924, Erik Löfgren wa Sweden akaifikisha mbali mwaka 1938, na H. G. Baerwald akafuata mwaka 1941. Santuri kubwa ya dakika 22 ilikuwa bado haijazaliwa, na bado mafundi wa leo wanapima kwa namba zao!

Umeona mkono uliopinda kama herufi S, au kichwa kilichokaa kimshazari? Si urembo. Kupinda huko, kama digrii 23, ndiko kunakopunguza kosa la upinde. Ila kuna gharama yake: msuguano unauvuta mkono kuelekea katikati muda wote, kwa nguvu inayokaribia sehemu ya kumi ya uzito wa sindano. Dawa yake kwenye mikono mingi mizuri ni kijiwe kidogo kinachoning'inia kwa uzi. Mkono wa bei kali, na siri yake ni uzi na kijiwe!

Mkono mrefu unapunguza kosa. Wa kawaida una kama sentimita 23 kutoka mhimili hadi sindano, ule wa inchi 12 una karibu sentimita 31. Lakini angalia, mrefu ni mzito zaidi na hauenei kwenye kila gramafoni. Pima meza yako kabla ya kutamani.

Je, wajua kuna waliolikwepa kosa lote? Bang & Olufsen wa Denmark walitoa Beogram 4000 mwaka 1972, na mkono wake hauzunguki kwenye mhimili, unasogea moja kwa moja kama mashine ya kuchonga. Ina hata mkono wa pili usio na sindano, kazi yake kuangalia kama santuri ipo na ni ya ukubwa gani.

Na huyu je? Alastair Robertson-Aikman alianzisha kampuni huko Uingereza mwaka 1946, ikitengeneza vifaa vya mifano midogo, basi. Alikosa mkono wa kumridhisha nyumbani, akajitengenezea wake. Mwaka 1959 kampuni ikaanza kuuza, na jina SME likawa heshima duniani kote! Kola yao ya kufungia kichwa, ile unayoizungusha kwa vidole, ikaigwa na wengi mno. Hata Technics SL-1200, mashine ya madijei iliyotoka 1972, inatumia kola ya namna hiyohiyo. Mwishoni mwa 2019 SME wakaacha kuuza mikono peke yake. Aliyetaka mpya ikabidi anunue gramafoni yao nzima. Mikono yao ya zamani ndiyo watu wanagombania sasa.

Rega, Waingereza wengine, walifanya jambo la ajabu mwaka 1983: mkono wa RB300, bomba lake na pa kufungia kichwa vimemiminwa kwa alumini kipande kimoja. Hakuna kiungo, hakuna kulegea. Ukiniuliza mimi, mwenye fedha za kiasi aanzie kwenye ukoo huo.

Mhimili nao ni kioja. Kuna mikono inayosimama juu ya ncha moja tu, inayumba ukiigusa, halafu ikishuka kwenye santuri inatulia tuli. Na kuna kampuni ya Well Tempered inayotumia mpira wa gofu! Ndiyo, mpira wa gofu, umening'inizwa kwa uzi ndani ya kikombe cha mafuta mazito ya silikoni, na mkono umechomekwa humo. Watu wanaununua kwa maelfu ya dola, na unaimba.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mkono bora peke yake haupo! Kila mkono pamoja na springi ya sindano una mtikisiko wake wa asili, na unatakiwa uangukie kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ukiwa chini zaidi, kila hatua yako sakafuni na kila santuri iliyojikunja inaurusha mkono. Ukiwa juu sana, unaingilia muziki, maana masikio yanaanza kusikia kwenye mara 20 hivi. Mkono mzito juu ya sindano laini ni gari lililopakiwa kupita springi zake, linadunda kila shimo.

Kalamu unayo? Chukua uzito ambao sindano inauhisi, mkono na kichwa chake kwa jumla, tuseme gramu 18. Zidisha kwa namba ya ulaini iliyoandikwa kwenye karatasi ya kichwa, tuseme 20. Unapata 360, kipeuo chake cha pili ni kama 19. Gawa 159 kwa 19: jibu ni 8.4. Umeingia ndani! Hesabu ya mwanafunzi wa sekondari imekuokolea mamia ya dola.

Denon DL-103 ni kichwa kilichobuniwa na Wajapani miaka ya 1960 kwa ajili ya redio ya taifa, NHK, na mpaka leo kinatengenezwa. Springi yake ni ngumu, kinataka mkono mzito. Kifunge kwenye mkono mwepesi wa kisasa, utasema ni kibovu. Wala si kibovu!

Je, wajua kwamba ndani ya mkono mnapita nyaya nne nyembamba, nyekundu, nyeupe, kijani na buluu? Vichwa vingine vinatuma humo sehemu tatu tu za elfu kumi za volti moja. Kwa umeme mdogo hivyo, kutu kidogo kwenye kiungo inatosha kuharibu wimbo, ndiyo sababu pini zake hupakwa dhahabu. Na dhahabu, mtu wa Ituri utafundishwa na nani? Ile ya Kilo, kaskazini mwa Bunia, iligunduliwa mwaka 1903. Mbao za wenge za misitu ya Congo nazo hutumika kutengeneza mikono huko Ulaya!

Ituri yenyewe imo ndani ya santuri. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika pembezoni mwa msitu akawarekodi Wabudu, Wambuti na Wanande. Miaka miwili baadaye akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na mfululizo wake ukapita santuri 200. Kisha Folkways wa Marekani wakatoa santuri nzima ya Wambuti wa Ituri mwaka 1958, iliyorekodiwa na Colin Turnbull na Francis Chapman.

Shika benchi sasa! Je, wajua kwamba sauti ya msitu wa Ituri imetoka nje ya himaya ya jua? Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kati ya vipande 27 vya muziki kimo kimoja cha wasichana wa Kimbuti, wimbo wa unyago, uliorekodiwa na Turnbull. Ni sekunde 56 tu, baina ya Bach, Beethoven na Louis Armstrong!

Santuri hiyo inazunguka polepole, mara 16⅔ kwa dakika. Wamefungasha kichwa na sindano pamoja nayo, na michoro ya maelekezo juu ya jalada. Voyager 1 imeshapita kilomita bilioni 24. Mwanga wenyewe, kwa mbio zake zote, unachukua zaidi ya saa 22 kufika huko. Salamu za lugha 55 zimo, Kiganda cha jirani zetu kimo, Kiswahili hakimo. Lakini wasichana wa Ituri wanaimba!

Turudi duniani. Mwaka 1948 Columbia walionyesha santuri ya mizunguko 33⅓ huko New York. Mwaka huohuo mwimbaji Wendo Kolosoy akarekodi wimbo wa Marie-Louise huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa lebo ya Ngoma, lakini kwenye santuri ya mizunguko 78. Mitaro ya 78 ni mipana zaidi na inataka ncha ya mikroni kama 76, mara nne ya ile ya leo. Kama babu alikuachia santuri za Ngoma, tafuta mkono wenye ile kola ya kubadilishia vichwa. Kwa nyumba zetu, hilo ndilo ningeliangalia kabla ya rangi na jina.

La mwisho, na linahusu Bunia moja kwa moja. Gramafoni nyingi za mkanda zinafuata mapigo ya umeme: Congo ni 50 kwa sekunde, Marekani ni 60. Ukiletewa ya Marekani, hata ukiiwekea transfoma nzuri, badala ya 33⅓ itazunguka chini ya 28, na mwanamuziki wetu Franco ataimba kwa sauti nzito isiyo yake! Zenye mota ya kisasa ya kwazi kama Technics hazina shida hiyo. Kwa hiyo kabla dola zako hazijatoka mfukoni, pindua mashine usome kibao cha nyuma, utafute 50 Hz.