Tumbawe Anakufa au Linakufa?

Jambo hili lilianzia kwenye daftari la mwanafunzi likaishia chini ya bahari. Muhula uliopita, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliandika katika insha yake: "Matumbawe wanakufa kwa sababu bahari imepata joto." Tulipiga mstari mwekundu chini ya "wanakufa", tukaandika "yanakufa". Mwanafunzi alikuja ofisini akauliza kwa heshima: "Mwalimu, si mlitufundisha kwamba majina ya wanyama hupatanishwa kwa A-WA? Na tumbawe ni mnyama." Hatukuwa na jibu la haraka. Sisi wa huku Uganda twawajua sato na sangara wa Ziwa Viktoria. Matumbawe tulikuwa tumeyasoma kamusini tu.

Likizo ilipofika, watatu kati yetu tulisafiri hadi kisiwa cha Mafia nchini Tanzania. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Tulikusudia kuzamia na kuyaona matumbawe kwa macho yetu.

Hapa yafaa tutofautishe maneno. Kupiga mbizi ni kuingia majini kwa pumzi yako mwenyewe, kama wafanyavyo wavuvi wa pweza. Tuliyoyafanya sisi ni kuzamia kwa mtungi wa hewa uliobebwa mgongoni. Lakini wanafunzi waangalie: mitaani "mzamiaji" ni pia mtu anayejificha melini ili asafiri bila nauli.

Mwalimu wetu wa kuzamia, kijana mzaliwa wa Mafia, alitupa kanuni kabla ya kutuvalisha mapezi na miwani. Kwanza, usizuie pumzi kamwe. Sababu yake ni hii: kila mita 10 unazoshuka, maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Hewa uliyoivuta katika kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu; ukiifungia kifuani, mapafu yaweza kupasuka. Pili, panda polepole, ili naitrojeni iliyoingia katika damu ipate muda wa kutoka bila kufanya mapovu mwilini. Tatu, masikio yakianza kuuma, bana pua upulize taratibu. Yakiendelea kuuma, usishuke zaidi. Nne, usiguse kitu. Wanaojaribu mara ya kwanza hawapelekwi chini ya mita 12, nasi hatukuzidi hapo.

Mmoja wetu aliumwa masikio mita 3 tu kutoka juu, akataka kurudi. Mwalimu alimshika mkono, akamwonyesha tena namna ya kubana pua, wakasubiri. Baadaye tulishuka pamoja. Jambo la kwanza tulilolishangaa ni rangi: maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, hata fulana nyekundu ya mwenzetu ikawa kama ya kijivu. Jambo la pili ni sauti. Tulisikia mlio kama wa watu wanaotafuna bisi, bila kujua unatoka wapi.

Tulimwona kasa akipita kama mzee asiye na haraka. Tulimwona mkunga akichungulia pangoni, kinywa kikifunguka na kufumba. Hakuwa na hasira, alikuwa akipumua. Kisha tukamwona pono, samaki mwenye meno kama mdomo wa kasuku, akikwangua mwani juu ya matumbawe. Hula na chembe za jiwe lenyewe, akazisaga na kuzitoa zikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe nyingi za nchi za joto imepita tumboni mwa pono.

Tulipopanda mashuani tulimwuliza mwalimu kuhusu msemo tunaoufundisha kila mwaka, "kulala usingizi wa pono". Akacheka. "Walimu wangu, huyo mje mumwone usiku. Hujibanza penye mwamba, na wengine hujifunika ute kama chandarua. Unammulika tochi, hana habari." Miaka yote tuliwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni kulala fofofo, wala hatukuweza kuwaambia kwa nini.

Sasa turudi kwenye swali. Mwanafunzi alikuwa na hoja. Tumbawe ni kundi la vinyama vidogo sana wanaojijengea jiwe la chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo unaowapa sehemu kubwa ya chakula na rangi. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, vinyama hao huupoteza mwani huo. Tumbawe hubaki jeupe, na hali ikiendelea hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, na tena mwaka 2016 na 2024. Uvuvi wa baruti nao umevunja mengi, ingawa umepigwa marufuku.

Hata hivyo, wenye lugha husema "matumbawe yanakufa". Wazee wa pwani walilijua tumbawe kama jiwe: walilichonga kujengea misikiti na nyumba za Kilwa na Zanzibar, wakalichoma kupata chokaa. Upatanisho ulifuata matumizi hayo, na matumizi ndiyo yanayotawala sarufi. Kwa hiyo "yanakufa" imebaki kuwa sahihi, lakini mwanafunzi tumemrudishia alama zake na kumwomba aeleze hoja yake mbele ya darasa.

Tunawasihi walimu wenzetu walio mbali na bahari wasiishie kutoa maana ya msemo. Waeleze na kiumbe aliyeuzaa. Pono hutegemea mwamba ulio hai. Mwamba ukifa, naye atapungua, na watoto wa pwani wenyewe watabaki kama sisi: wanajua usingizi wa pono, pono hawamjui.