Kabla hujachagua Kilimo, omba kuona shamba la shule

Wacha nikuulize. Mara yako ya kwanza kushika jembe shuleni, ulikuwa unajifunza au ulikuwa unaadhibiwa?

Kama ulisoma shule kama yangu, jibu unalo tayari. Ukichelewa gwaride la asubuhi, jembe. Ukipiga kelele wakati wa masomo ya jioni, unapimiwa kipande cha nyasi ukifyeke. Halafu mwalimu wa Kilimo anaingia darasani na chaki, anachora jembe ubaoni, nawe unaandika sehemu zake daftarini kana kwamba hujawahi kuliona. Shamba la shule lenyewe liko nyuma ya bweni, magugu yamefika magotini.

Ndiyo maana ukimwambia msee wa mtaani kwamba umechagua Kilimo, anacheka kwanza. "Kwani masomo mengine yaliisha?"

Usimlaumu sana. Kilimo alichofunzwa yeye kilikuwa adhabu upande mmoja na maelezo ya kukariri upande wa pili. Lakini wewe uko pahali tofauti. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na kuanzia hapo kila anayemaliza Gredi ya 9 anatakiwa kuchagua mkondo: ule wa STEM, wa Sayansi za Jamii, au wa Sanaa na Spoti. Kando na masomo ya lazima, kuna matatu unayojichagulia. Kilimo ni mojawapo ya yale yaliyo kwenye mkondo wa STEM, meza moja na Biolojia na Kemia. Katika sekondari msingi ulikisoma kwa sababu ni lazima. Sasa unaweza kukiacha, na hakuna atakayekuuliza.

Kwa hivyo usikichague kwa kuhurumiwa wala usikiache kwa kuchekwa. Fanya jambo moja kwanza. Omba kuona shamba.

Darasa lililo nje ya mlango

Panda matatu Embu mjini, chukua njia ya kwenda Meru, ushuke Karurumo, upande wa Runyenjes. Simama hapo sokoni utazame huku na huku. Ukipanda kuelekea Mlima Kenya, baridi inaongezeka na majani chai yanaanza. Kiwanda cha Rukuriri kiko huko juu. Katikati kuna kahawa, makadamia, migomba, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Ukishuka kuelekea Ishiara na Mbeere, joto linapanda, mvua inapungua, na unakutana na maembe, ndengu na muguka.

Yaani kwa safari ya asubuhi moja ya matatu unapita kwenye sura nzima ya kitabu kuhusu hali ya hewa, udongo na mimea. Mwanafunzi wa Karurumo akiambiwa kwamba mwinuko huamua zao, hahitaji kukariri. Anko wake wa juu anachuma chai, shangazi yake wa chini anavuna ndengu, na wote wako kaunti moja.

Lakini kuishi karibu na shamba si sawa na kulisoma. Mtoto aliyekulia kwenye kahawa anaweza kumaliza kidato cha nne bila kujua kwa nini mti mmoja unazaa sana na wa jirani yake unanyauka. Amefanya kazi shambani miaka mingi, ila hakuna aliyemwambia apime, aandike, kisha alinganishe. Hiyo ndiyo kazi ya darasa la vitendo.

Mita 3 kwa 6

Tuseme umepewa kijishamba cha mita 3 kwa mita 6, ukaambiwa upande sukuma wiki. Ukiacha sentimita 60 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mstari na mstari, unapata mistari 5 yenye miche 10 kila mmoja. Miche 50. Hisabati yako ya kwanza imeisha, na hujafungua kitabu cha Hisabati.

Sasa anza kazi. Mbegu zinakaa kitaluni wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhamishwa. Ukishahamisha miche, utangoja tena zaidi ya mwezi kabla ya kuanza kuchuma majani ya chini. Katikati hapo kuna vidukari chini ya majani, jua kali, na wikendi ambayo wenzako wanacheza mpira nawe una ndoo ya maji mkononi. Ukikosa mtihani wa Jumatatu, mwalimu anaweza kukupangia mwingine. Ukikosa kumwagilia wiki nzima, miche haikupangii siku nyingine.

Kisha inakuja sehemu ambayo vijana wengi hawaitarajii: daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme mbegu, samadi na dawa vimekugharimu Sh600, na umeuzia jikoni la shule mboga za Sh1,100. Unatangaza faida ya Sh500 na kujipiga kifua. Sawa. Sasa mwalimu anakuuliza: ulimwagilia maji saa ngapi kwa jumla? Unapekua daftari, unapata saa 20. Gawanya. Umejilipa Sh25 kwa saa.

Hapo ndipo wengine hufunga daftari na kusema shamba halilipi. Subiri. Mwenzako wa kipande cha pili alitandaza nyasi kavu kuzunguka miche, unyevu ukakaa, akamwagilia nusu ya saa zako. Gharama ni ileile, mauzo ni yaleyale, ila saa zake ni 10. Amejilipa Sh50 kwa saa. Tofauti kati yenu ni nyasi ambazo zilikuwa zikichomwa nyuma ya bweni.

Hesabu hizi ni za mfano tu. Weka bei za agroveti ya kwenu uone. Ila zinakuonyesha kitu ambacho ubao hauwezi. Robo ekari ni kama mita 1,000 za mraba, na familia nyingi za Embu sasa zinagawana vipande vya ukubwa huo au hata vidogo zaidi. Anayerithi robo ekari bila kujua kupiga hesabu ya saa na shilingi atalima maisha yake yote akidhani tatizo ni mvua.

Au atadhani tatizo ni yeye. Mei 2024, kaunti za Pwani zikiongozwa na Mombasa zilitangaza marufuku ya muguka. Mkulima wa Mbeere hakuwa amebadilisha chochote shambani kwake. Kilichotikisika ni soko, mamia ya kilomita kutoka kwake. Hilo pia ni somo la Kilimo: jua nani ananunua, na ikitokea amefunga mlango, utafanya nini na zao lako.

Ahadi hii si ya kwanza

Usinielewe vibaya, siuzi ndoto. Kenya imewahi kuahidi masomo ya vitendo na ahadi ikaishia njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, shule ya Chavakali huko Magharibi ilianza kufunza Kilimo kwa vitendo kwa msaada wa Marekani, na ikawa mfano wa kuigwa na shule nyingine. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, ukisisitiza ujuzi wa mikono tangu msingi. Wazazi wakaitwa kuchangia karakana na vifaa. Shule zilizokuwa na uwezo zikajenga. Nyingi nyingine zikabaki na kitabu na chaki.

Hata mtihani wa KCSE umekuwa na mradi wa Kilimo kando na karatasi mbili za kuandika. Baraza la mitihani, KNEC, hutoa maagizo ya mradi, mwanafunzi hupanda au kufuga, na mwalimu hukagua hatua kwa hatua. Kwenye karatasi, mpango huo ni safi kabisa. Pale shule isipokuwa na maji, ardhi wala muda, mradi unageuka kuwa mbio za kutafuta alama. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Ukifika kwako, usikubali kurithi kitabu na chaki bila kuuliza maswali.

Maswali ya kuuliza

Siku ya kutembelea shule unayotaka, wengi huangalia bweni, basi la shule na jezi. Wewe nenda nyuma, kisha uulize haya.

Shamba la wanafunzi liko wapi, na je, ni tofauti na lile la kulisha shule? Kama mboga zote zinalimwa na mfanyakazi, wewe utakuwa mtazamaji.

Maji yanatoka wapi kiangazi? Mvua za Embu huja misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Muhula wa pili hauna huruma kwa shule isiyo na tangi.

Kila mwanafunzi ana kipande chake, au darasa zima linashiriki tuta moja? Kwenye tuta la watu 50, ni wanne wanaofanya kazi.

Naweza kuona daftari la mwanafunzi wa mwaka jana? Mwulize mwalimu kwa heshima. Kama lipo, lina tarehe na lina makosa yaliyokatwa na kurekebishwa, umefika. Kama halipo, utakuwa umejua mapema.

Je, jembe hapa ni adhabu? Shule inayomwadhibu mtoto kwa jembe Jumanne haiwezi kumshawishi kulipenda Alhamisi.

"Lakini mimi ni wa mjini"

Sawa. Unaishi ghorofa ya nne, na shamba la karibu ni kwa babu. Somo hili bado ni lako. Magunia mawili ya udongo kwenye roshani yanatosha kuanza. Chukua mbegu 20 za mahindi, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, uhesabu zinazochipua baada ya siku chache. Zikichipua 15, ni asilimia 75, na umejua kabla ya kupanda kwamba robo ya pesa zako ingeoza ardhini.

Ukienda kwa babu likizo, ingia kwenye mahindi asubuhi na mapema. Ukiona majani yametobolewa na uchafu kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mmea, huenda umekutana na viwavijeshi wale walioingia nchini mwaka 2017. Babu huenda anajua dawa. Wewe jua ni wangapi, wako mimea mingapi kati ya 20, na kama dawa ina faida kuliko gharama yake.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, njia ipo. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, kilikua kutokana na chuo kilichowafunza maafisa wa kilimo. Egerton ilianza mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo pale Njoro. Kuna kazi za udongo, mbegu, mifugo, usindikaji wa chakula na bima ya mazao, na nyingi hazikutaki uvae gambuti kila siku.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mtaani kwenu karibu kila mtu ni mlaji. Ukichagua somo hili, hakikisha utatoka na kitu wao hawana: daftari lililojaa, na uwezo wa kueleza kila tarakimu iliyo ndani yake.

Kwa hivyo kabla hujajaza fomu, mwambie mzazi mtenge siku moja. Nendeni mpaka shuleni. Piteni ofisini, semeni habari, kisha muombe mpelekwe nyuma ya bweni.