Tabora 1958: Kuwashawishi Walio Upande Wako

Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walikutana Tabora, mji uliowahi kukutanisha misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Walifika na hasira, na ilikuwa haki yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20. Tena ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa Lusu, kule Nzega, mwenye jembe lake tu, hakuhesabiwa.

Miezi minane kabla ya mkutano huo, Mei 1957, Martin Luther King alisimama Washington kuwadaia kura Weusi wa Marekani, akilirudia dai lile lile mpaka likawa kama kiitikio. Hotuba ile ni kubwa. Lakini King aliidai serikali, umati ukiwa nyuma yake. Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alikuwa na kazi ambayo naiona ngumu zaidi: kuwaomba watu wake mwenyewe waipokee kura wanayoichukia, wakati kususia ndiko kulikoonekana ushujaa.

Waliosimulia mkutano ule wanaukumbuka mfano wake wa shamba linaloharibiwa na wanyama, na njia ya kulifikia imejaa matope: mwenye shamba atabaki pembeni alinde weupe wa nguo zake? Uzuri wa mfano huo ni kwamba haukuyapamba matope. Hasira ya wajumbe ilibaki na heshima yake. Kilichobadilika ni mahali pa kuielekeza. TANU ikisusia, viti vingekwenda kwa UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining.

Zuberi Mtemvu hakushawishika. Alijitoa TANU, akaanzisha chama chake, African National Congress. Simwoni kuwa mpumbavu; kuikataa kura ya rangi kulikuwa msimamo wa mtu mwenye utu.

Wengi waliukubali ule unaoitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwemo Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Kura iliyotungwa kuwatenga watu kwa rangi ikawapa TANU wabunge wa rangi zote.

Novemba 1962 mkulima wa Lusu aliweza kupiga kura ya rais bila kuulizwa kipato wala darasa. Wagombea walikuwa wawili: Nyerere na Mtemvu.