Damu Mswakini, Sukari Mwilini

Mgonjwa wa kisukari akikaa kwenye kiti changu, huwa namuuliza kama huona damu anapopiga mswaki. Wengi hujibu kwamba ipo, ya miaka mingi, ila haiumi. Kutouma huko ndiko kunakotuponza, maana ugonjwa wa fizi hula kimyakimya mpaka jino lianze kucheza.

Utando usiposafishwa kwenye shina la jino huganda ukawa ugaga, na ufizi huachana na jino. Katikati hubaki mfuko mwembamba usiopata hewa, makao mazuri ya bakteria kama Porphyromonas gingivalis. Huyu huhitaji madini ya chuma yaliyomo kwenye damu. Vimeng'enya vyake hukatakata protini za mwili, ufizi huvimba na kuvuja damu, naye hupata riziki yake papo hapo. Mtu mwenye mifuko hiyo kinywa kizima anaweza kuwa na kidonda chenye eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20; hiyo 20 inakaribia uso wa kiberiti. Kidonda kama hicho kingekuwa kwenye unyayo wa mgonjwa wa kisukari, nyumba nzima isingelala.

Bakteria hupenya kwenye damu mtu anapotafuna, na kemikali za uvimbe zinazotolewa na kinga ya mwili husambaa pia. Kemikali hizo huizuia insulini kufanya kazi sawasawa, sukari ikapanda. Sukari ikipanda, mishipa midogo ya fizi na chembe za kinga hudhoofika, fizi zikazidi kuharibika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 35, yalionyesha kwamba kutibu fizi hushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, kwa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Aliyekuwa na 8.5 hufika karibu 8.1, bila kuongezewa hata kidonge kimoja.

Kwa moyo, ushahidi haujafika hapo. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilikubali kwamba ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa moyo huandamana hata ukiweka kando sigara, lakini hakikuona uthibitisho kwamba kutibu fizi huzuia mshtuko wa moyo. Kwa ubongo, watafiti walitangaza mwaka 2019 kwamba wameikuta P. gingivalis kwenye bongo za waliokufa na Alzheimer. Dawa ya kuzima vimeng'enya vyake ilijaribiwa, na mwaka 2021 ikashindwa kuzuia kumbukumbu kufifia.

Nasisitiza tofauti hii kati ya kilichothibitika na kisichothibitika kwa sababu taaluma yetu imewahi kuumiza watu. Mwaka 1910 daktari William Hunter wa London alihutubia Montreal akilaumu uozo wa kinywani kwa maradhi mengi. Miaka iliyofuata watu waling'olewa meno ili wapone viungo; huko Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa meno wagonjwa wa akili.

Kwa hiyo sikuombi ung'oe kitu. Ukienda kukwanguliwa ugaga, chukua kadi yako ya kisukari, umwonyeshe daktari wa meno kipimo cha mwisho. Na siku ya kliniki ya sukari, wakimaliza kukukagua miguu, waambie kama fizi zako zinatoka damu.