Vifaa vya Kwanza vya Mwindaji wa Bata: Kipi Kinunuliwe Mapema na Kipi Kisubiri

Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika nchini Marekani na makundi ya bata kuondoka Kanada na nyanda za kaskazini kwenda kusini, maduka ya vifaa vya uwindaji hujaza rafu zake bidhaa mpya. Mtu anayeingia dukani kwa mara ya kwanza huona bunduki za kila namna, nguo za mabakamabaka, filimbi, bata bandia, mahema, boti na mashine, na kila kimoja kina maandishi yanayodai kwamba bila hicho hakuna mawindo. Wengi hutoka wakiwa wametumia fedha nyingi kwa vitu wasivyovihitaji, huku wakikosa vile ambavyo sheria inavitaka au vile ambavyo vingewaokoa wakianguka majini.

Makala haya yanawalenga wasomaji wetu wanaoanza, hasa wale waliohamia Marekani kutoka Kongo na nchi jirani. Baadhi yao wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu, na hawana haja ya kufundishwa na mtu yeyote jinsi ya kuheshimu maji. Hata hivyo, maji ya Novemba katika jimbo kama Minnesota au Idaho yana tabia nyingine, na sheria za uwindaji wa ndege wahamao zina masharti yake. Tunapendekeza ununuzi ufuate mpangilio huu: kwanza yale ambayo sheria inayataka, pili yale yanayolinda uhai, tatu yale yanayoleta bata karibu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Nyaraka hutangulia bunduki

Bata ni ndege wahamao, na tangu mwaka 1918 wanalindwa na sheria ya taifa zima, si ya jimbo peke yake. Kwa hiyo mwindaji huhitaji nyaraka za ngazi mbili. Kutoka kwa jimbo huhitaji leseni ya uwindaji na, karibu kila mahali, uandikishaji katika mpango wa kukusanya takwimu za ndege wahamao, ujulikanao kwa kifupi HIP. Majimbo mengi huongeza stempu yao wenyewe. Kutoka kwa serikali ya taifa, kila mwenye umri wa miaka 16 au zaidi huhitaji stempu ya bata, iliyoanzishwa mwaka 1934, ambayo bei yake ni dola 25. Anayenunua stempu ya karatasi sharti aitie saini kwa wino juu ya uso wake. Isiyo na saini huhesabiwa kama haipo. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo hutumika kununua na kuhifadhi maeneo ya maji ambako bata huishi, hivyo mwindaji anapolipa huwa anachangia mawindo ya miaka ijayo.

Majimbo mengi pia hudai cheti cha mafunzo ya uwindaji salama kabla ya kutoa leseni kwa anayeanza. Tunashauri mafunzo hayo yachukuliwe hata pale yasipolazimishwa, na yachukuliwe kabla ya kununua bunduki. Gharama yake ni ndogo, na anayeyapitia huingia dukani akijua anachokitaka.

Asiye raia anapaswa kuuliza mapema. Kwa jumla, mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokewa kisheria wanaruhusiwa na sheria ya taifa kununua bunduki ya kuwindia, ilhali mwenye viza ya muda hukatazwa ila akiwa katika misamaha maalumu. Majimbo huweza kuongeza masharti. Kosa katika jambo hili laweza kugharimu zaidi ya faini, kwa sababu laweza kuathiri haki ya kuishi nchini. Ushauri wa mwanasheria wa masuala ya uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya dukani ni bora kuliko utetezi mahakamani baadaye.

Bunduki na marisau

Bata huwindwa kwa bunduki ya marisau. Bunduki ya risasi moja moja hairuhusiwi kwa ndege hawa, wala ya marisau iliyo kubwa kuliko geji 10. Kwa anayeanza, geji 12 ndiyo ya kawaida na katriji zake hupatikana kila duka. Geji 20 ni nyepesi na haisukumi bega kwa nguvu, hivyo huwafaa vijana na watu wenye umbo dogo. Bunduki ya kuvuta kwa mkono, au iliyotumika lakini ikakaguliwa na fundi, inatosha kabisa. Kinachopaswa kupimwa kuliko jina la mtengenezaji ni kama bunduki inamkaa mnunuzi: aivae begani akiwa amevaa koti zito, shavu litulie kwenye kitako bila kunyoosha shingo, na jicho liende moja kwa moja kwenye mtutu.

Sheria inataka bunduki isiweze kubeba zaidi ya katriji tatu kwa jumla. Bunduki nyingi hubeba zaidi, na hivyo huwekwa kizibo cha kipande kimoja ambacho hakitoki bila kufungua bunduki. Mnunuzi aulize kama kizibo kimo, na akione kwa macho yake. Bunduki iliyotumika mara nyingi huwa imeondolewa kizibo na mmiliki wa awali, na mkaguzi akikukuta nayo porini hatamwuliza yeye.

Jambo la pili ni aina ya marisau. Tangu mwaka 1991, marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku nchi nzima katika uwindaji wa bata. Bata hula chini ya maji na kumeza punje za marisau wakidhani ni changarawe za kusagia chakula. Sumu ya madini hayo huwaua polepole, kisha tai wanaokula mizoga nao hudhurika. Hata kuwa nayo mfukoni wakati wa kuwinda bata ni kosa. Kwa hiyo mnunuzi asome kasha: litaje chuma, bismuthi au tungsteni, na liandikwe kwamba marisau yake hayana sumu. Kasha la bei ya chini lililowekwa karibu, lenye picha ya njiwa au sungura, kwa kawaida huwa na madini ya risasi.

Chuma ndicho cha bei nafuu, lakini ni chepesi kuliko madini ya risasi na hupoteza kasi haraka. Fidia yake ni kuchagua punje kubwa zaidi: namba 2, 3 au 4 hufaa bata wengi, na kadiri namba inavyopungua ndivyo punje inavyokuwa kubwa. Fidia nyingine ni subira, yaani kungoja bata akaribie badala ya kumjeruhi akiwa mbali. Chuma pia ni kigumu. Bunduki ya kale, hasa yenye mdomo wa mtutu uliobanwa sana, huweza kuharibika kwa kupigiwa marisau ya chuma. Mwenye bunduki ya urithi aipeleke kwa fundi kwanza. Bismuthi ni ghali zaidi, lakini ni laini na mara nyingi hufaa mitutu ya aina hiyo.

Ubavuni mwa mtutu huandikwa geji na urefu wa chemba kwa inchi. Maandishi ya kasha yasipingane na hayo: katriji ndefu kuliko chemba ni hatari. Ni hatari zaidi kuchanganya geji 12 na geji 20 katika mfuko mmoja. Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa katika bunduki ya geji 12 hupita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Mwindaji akidhani bunduki ni tupu, akaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mikononi mwake. Ndiyo sababu watengenezaji huipa katriji ya geji 20 rangi ya njano. Familia yenye bunduki za geji zote mbili izihifadhi katriji katika makasha tofauti.

Kinga ya masikio na miwani ya usalama ni vitu vya bei ndogo. Mlio mmoja wa bunduki ya marisau waweza kuharibu usikivu daima, na usikivu uliopotea haurudi.

Maji baridi

Hapa ndipo anayeanza hupaswa kuweka sehemu kubwa ya fedha zake. Boti kupinduka na mtu kuzama ni miongoni mwa mambo yanayoua wawindaji wa bata, kwa sababu huwinda majira ya baridi, gizani, katika boti ndogo zilizojaa mizigo.

Mtu akianguka katika maji baridi sana, dakika ya kwanza pumzi humtoka na kuingia bila hiari. Kichwa kikiwa chini wakati huo, huvuta maji. Baada ya dakika kama 10, mikono na miguu hupoteza nguvu, hata kwa mwogeleaji hodari. Ujuzi wa kuogelea uliopatikana katika maziwa ya nyumbani hausaidii sana katika hali hiyo. Kinachosaidia ni jaketi okozi lililokwisha kuvaliwa. Sheria inataka boti iwe na jaketi lililoidhinishwa na walinzi wa pwani wa Marekani kwa kila mtu aliyemo. Sisi tunasema livaliwe, lisiwekwe chini ya kiti. Ndani ya jaketi huwa na lebo ya idhini na uzito wa mtu linayemfaa. Lijaribiwe dukani juu ya koti la baridi, kisha mwenzako alivute mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Boti ndogo za injini nazo huwa na kibao kinachotaja uzito wa juu, na uzito huo hujumlisha watu, bunduki, bata bandia na mbwa.

Kuna ovaroli ndefu isiyopitisha maji, yenye viatu vilivyoungwa, inayofika kifuani. Mtu hukaa nayo majini saa nyingi, hivyo ni vema isiwe ya hovyo. Iliyotengenezwa kwa neoprini huhifadhi joto na hustahimili miiba, lakini humchosha anayetembea mbali. Ya kitambaa kinachopitisha jasho ni nyepesi, ila haina joto lake yenyewe na hudai nguo za ndani. Anayewinda sehemu ya baridi kali akikaa pahala pamoja atafaidika na ya kwanza. Anayetembea sana katika majimbo ya kusini atafaidika na ya pili. Ijaribiwe ukiwa na soksi nene, kisha uchuchumae na kupandisha goti kama anayepanda boti. Ikibana, itapasukia mishononi.

Wengi huamini kwamba ovaroli ikijaa maji humvuta mtu hadi chini. Maji yaliyomo hayana uzito zaidi ya maji yaliyo nje. Hatari ya kweli ni kwamba huzuia kuogelea na kufanya iwe vigumu kujinyanyua kutoka majini. Mkanda wa kiunoni uliokazwa hupunguza maji yanayoingia, na usinunue ovaroli bila huo. Chini yake vaa sufu au vitambaa vya kukauka haraka. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, hivyo fulana na suruali za jinzi zibaki nyumbani.

Yanayoleta bata karibu

Bata bandia 6 hadi 12 wa aina ya malardi, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, wanatosha kwenye bwawa dogo. Angalia uzi na uzito wa kuwashikilia kabla ya uzuri wa rangi. Bata bandia anayechukuliwa na upepo ni hasara. Filimbi yenye ulimi mara mbili ni rahisi kuimudu kuliko ya ulimi mmoja, na inunuliwe miezi kadhaa kabla ya msimu ili mazoezi yaishe mapema. Filimbi za umeme zinazotoa sauti za bata zilizorekodiwa kwa jumla hazikubaliki kisheria, ingawa huuzwa.

Nguo za mabakamabaka si sharti la sheria. Bata huona mwendo na uso ung'aao kuliko kitu kingine. Nguo za rangi ya udongo, kofia, kitambaa cha uso na utulivu huleta matokeo yaleyale. Mbwa, boti yako mwenyewe na hema la kujificha visubiri. Lakini sheria inakutaka ujitahidi kumtafuta kila bata uliyemwangusha, basi asiye na mbwa awinde pale ambapo anaweza kutembea hadi anapoangukia.

Haki zako unaponunua

Kwa bidhaa inayozidi dola 15 yenye dhamana ya maandishi, muuzaji anapaswa kukuwezesha kuisoma kabla ya kulipa. Iombe, hasa kwa ovaroli, na uangalie kama inahusu kuvuja mishononi na kwa muda gani. Kwa bidhaa uliyoagiza mtandaoni, muuzaji anapaswa kuituma katika muda alioutangaza, au ndani ya siku 30 kama hakutaja muda. Akishindwa, ana wajibu wa kukuarifu na kukupa nafasi ya kurudishiwa fedha. Lipa kwa kadi ya mkopo, ambayo hukuruhusu kupinga malipo. Tovuti inayouza ovaroli kwa robo ya bei ya kawaida, isiyo na anwani, na inayotaka kadi za zawadi au fedha za kutumwa kwa simu, iepukwe. Uliza pia utaratibu wa kurudisha, kwani maduka mengi hayapokei tena katriji zilizokwisha kuuzwa.

Vifaa vilivyotumika ni vizuri kwa anayeanza, isipokuwa jaketi okozi lililochanika au kufifia, na ovaroli ambayo hukuweza kuimulika kwa tochi ndani ya chumba chenye giza ili kuona matundu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye stempu iliyotiwa saini, bunduki iliyokaguliwa, kasha moja la marisau ya chuma, ovaroli yenye mkanda na jaketi okozi mwilini, ana vya kutosha kwa msimu wake wa kwanza. Vilivyosalia aviazime kwa mwenzake, na msimu wenyewe utamfundisha kipi kinastahili fedha zake mwaka ujao.