Je, Wajua? Mtungi Mtupu Huokoa Kuliko Kujitosa

Je, wajua kwamba mkasa wa watu kadhaa kuzama pamoja mara nyingi huanza na mtu mmoja? Akiteleza majini, nduguye hujitosa kumwokoa; anayezama humng'ang'ania kwa hofu, na wote wawili huenda chini.

Hatari hiyo ipo pia Kaunti ya Kakamega, Kenya: ina mito kama Isiukhu, Yala na Nzoia, lakini pia ina mashimo. Uchimbaji wa dhahabu ulioshika kasi miaka ya 1930 ungali unaendelea huko, eneo la Ikolomani. Shimo la dhahabu, mawe au murram lisipofukiwa hujaa maji ya mvua. Kingo zake huwa wima na telezi: kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi.

Ufanyeje mtu akitumbukia? Piga kelele kuita watu. Lala kifudifudi ukingoni, umnyoshee mti mrefu au kamba. Au mrushie mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa. Mtungi huo unaweza kuhimili mzigo wa karibu kilo 19 bila kuzama, na mtu aliye majini huhitaji kilo chache tu za msaada ili kichwa kibaki juu.

Tangu 2021, Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Kuzuia Kuzama kila Julai 25.